Toshihiko: jina moja masikioni, majina kadhaa kwenye karatasi

Mleta mada

Wakuu, salaam. Wapenzi wa riadha wa rika langu wanalijua jina Toshihiko kwa sababu moja tu, nayo ni Seko, yule Mjapani wa marathoni aliyekuwa akimsumbua Juma Ikangaa wetu wa Tanzania miaka ya themanini. Nafungua uzi huu kwa kuwa kila orodha ya watu maarufu walioitwa Toshihiko ninayokutana nayo huwatia wote kapu moja, ilhali Mjapani akiwaona kwa maandishi yao atakwambia kwamba wengi wao hawana jina moja hata kidogo.

Jina hili ni la kiume na lina vipande viwili. Kipande cha mwisho, hiko, huandikwa kwa herufi 彦, na tangu enzi za kale kilikuwa cha kumheshimu mwanamume wa ukoo bora. Mwenzake wa kike ni hime. Utata uko kwenye kipande cha kwanza, kwa sababu sauti toshi hubebwa na herufi nyingi za kanji, yaani zile zenye asili ya Kichina, na mzazi huchagua ile inayosema anachomwombea mtoto wake. Ukikuta 俊, hapo anatakiwa mtoto atakayewapita wenzake kwa akili na kipaji. Herufi 敏 ni ya wepesi, 寿 ni ya umri mrefu, na 稔 ni ya nafaka iliyokomaa shambani. Kisha kuna 利, ambayo ni faida na pia ni ukali wa makali ya kisu. Kwa hiyo watu wawili wanaweza kuitikia kwa pamoja likiitwa jina hilo, lakini wakitia saini ukaona maneno mawili tofauti. Nitawataja kwa utaratibu wa kwao, jina la ukoo likitangulia, kama serikali ya Japani yenyewe ilivyoanza kufanya mwaka 2020 hata katika nyaraka zake za herufi za Kilatini.

Nianze na tunayemjua. Seko Toshihiko (瀬古利彦) alizaliwa mwaka 1956 mjini Kuwana, mkoa wa Mie, na jina lake ni la ile herufi ya faida na makali. Kocha wake alikuwa Nakamura Kiyoshi, mzee mkali aliyemchukua akiwa Chuo Kikuu cha Waseda na kuendelea naye katika timu ya kampuni ya S&B, ambayo nyumbani kwao inajulikana zaidi kwa bizari ya mchuzi. Alishinda marathoni ya Fukuoka mara nne, yaani 1978, 1979, 1980 na 1983, akashinda Boston mwaka 1981 na tena 1987, na mwaka 1986 peke yake aliondoka na London mwezi Aprili kisha Chicago mwezi Oktoba. Muda wake wa Chicago, 2:08:27, ndio ulio bora kuliko yote aliyowahi kukimbia.

Siku yenye uchungu kwetu ni ya Desemba 1983 pale Fukuoka. Mbio hizo ndizo zilizotumika kuteua timu ya Japani ya Olimpiki ya Los Angeles, kwa hiyo hakuna Mjapani aliyekwenda kutalii: mapacha Soh Shigeru na Soh Takeshi walikuwemo, na Alberto Salazar alikuwa ametoka Marekani. Ikangaa alikimbia kama alivyozoea, yaani mbele, akiwaburuta wengine wote kwa mwendo wake. Seko naye alifanya alichozoea, akajibanza nyuma ya mgongo wa anayeongoza, uso umetulia, usimwone akiumia wala akifurahi. Waliingia uwanja wa Heiwadai wakiwa wamefuatana, na mita za mwisho kabisa Seko akachomoka. Seko 2:08:52, Ikangaa 2:08:55. Mtu amefanya kazi ya kilomita 42, na mwenzake amefanya kazi ya mita mia moja na kitu, lakini mashindano ni mashindano na siwezi kusema tuliibiwa. Ikangaa alirudi Japani akalipa deni kwa namna yake, maana alishinda Tokyo mwaka 1984 na 1986, na mwaka huo wa 1986 akashinda Fukuoka yenyewe.

Toshihiko wa pili ninayetaka tumjadili ni wa judo. Koga Toshihiko (古賀稔彦) alizaliwa mwaka 1967 katika kisiwa cha Kyushu, na toshi yake ni ya nafaka iliyokomaa, si ya Seko. Alikuwa bingwa wa dunia mara tatu, 1989 na 1991 katika uzani wa kilo 71, kisha 1995 katika kilo 78. Silaha yake ilikuwa seoi nage ya mkono mmoja, ambapo mtu humshika mpinzani mkono, akageuka na kuingia chini ya kifua chake, kisha akamtupa juu ya bega. Wengi huitupa wakiwa wameinama au wamepiga magoti; Koga aliitupa akiwa amesimama karibu wima, na ndiyo maana ilipendeza kuitazama. Mwaka 1990 aliingia mashindano ya taifa ya Japani yasiyo na mipaka ya uzani, akapita watu wazito kumzidi sana hadi fainali, ambako Ogawa Naoya alimshinda.

Olimpiki ya Barcelona mwaka 1992 ndiyo iliyomfanya awe hadithi. Siku chache kabla ya zamu yake aliumia vibaya goti la kushoto akifanya mazoezi na mwenzake wa tangu ujana, Yoshida Hidehiko (nanyi mnaiona hiko nyingine hapo). Hakuweza kufanya mazoezi, na bado uzani ulikuwa haujashuka hadi kilo 71, kwa hiyo alilazimika kuushusha kwa kujinyima chakula. Tarehe 30 Julai Yoshida akatwaa dhahabu katika kilo 78. Kesho yake Koga akapanda ulingoni akiwa amechomwa sindano za kutuliza maumivu, akafika fainali dhidi ya Bertalan Hajtós wa Hungaria, muda ukaisha bila mshindi kupatikana, na waamuzi wakainua bendera za kumpa Koga ushindi. Yoshida, aliyekuwa amebeba mzigo wa kumuumiza rafiki yake, alilia kuliko siku ya dhahabu yake mwenyewe.

Kwa leo naishia hapo. Naomba kuwasilisha, na mwenye Toshihiko mwingine amlete.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, uzi mzuri, lakini huyo Seko mnampamba mno. Mwanariadha wa marathoni asiyekuwa na medali ya Olimpiki hata moja tumweke meza moja na Koga mwenye dhahabu? Wakati wake ulikuwepo, nafasi alizipata, na nikikumbuka vizuri mwaka 1984 alimaliza nyuma ya Ikangaa huyo huyo.

Mleta mada

Ndugu, unakumbuka vizuri. Los Angeles Ikangaa alikuwa wa 6 na Seko wa 14, na Seoul mwaka 1988 Ikangaa akawa wa 7, Seko wa 9. Hilo silipingi. Ila nafasi yake halisi ilikuwa Moscow mwaka 1980, na huko hakwenda kwa sababu Japani iliungana na Marekani kususia michezo ile kutokana na Umoja wa Kisovieti kuingia Afghanistan. Kenya nayo ilibaki nyumbani. Tanzania ilikwenda, na ndipo Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walipoleta medali mbili za fedha ambazo hadi leo tunazitaja. Desemba ya mwaka huo huo wa 1980, bingwa wa Moscow, Waldemar Cierpinski wa Ujerumani Mashariki, alikwenda Fukuoka kukimbia, na Seko akashinda kwa 2:09:45 huku bingwa huyo akiachwa nyuma. Medali haiwezi kutolewa kwa makisio, lakini hesabu hiyo kila mtu anaweza kuifanya mwenyewe.

Halafu kuna jambo ambalo wengi hawalijui kwa sababu halikufanyika barabarani. Machi 1981, mjini Christchurch nchini New Zealand, Seko alikimbia mita 30,000 uwanjani, yaani mizunguko 75 ya uwanja wa mita 400, na akiwa njiani akavunja pia rekodi ya dunia ya mita 25,000. Muda ulikuwa 1:13:55.8 kwa mita 25,000 na 1:29:18.8 kwa mita 30,000. Hakwenda kupumzika, mwezi uliofuata alikuwa Boston na akashinda kwa 2:09:26. Rekodi zile mbili zilidumu miaka thelathini, hadi Juni 2011, ambapo Moses Mosop wa Kenya alizivunja zote kwa mkupuo mmoja mjini Eugene, Marekani. Umbali huo haukimbiwi mara nyingi, na hilo lilimsaidia Seko kukaa muda mrefu, lakini bado miaka thelathini si mchezo.

Mkenya mwingine anayeingia kwenye habari hii ni Douglas Wakiihuri, mzaliwa wa Mombasa, ambaye mwaka 1983 alihamia Japani akiwa kijana ili afundishwe na Nakamura yule yule, katika timu ile ile ya S&B. Nakamura alifariki mwaka 1985 akiwa katika safari ya kuvua samaki mtoni, kabla hajaona matunda. Mwaka 1987 Wakiihuri akawa bingwa wa dunia wa marathoni mjini Rome, na Seoul akapata medali ya fedha, katika mbio zile zile ambazo Seko alimaliza wa 9 na kustaafu muda mfupi baadaye.

Mchangiaji wa pili

Mimi si mtu wa michezo, ila nashangaa umeandika yote hayo bila kumtaja Toshihiko ambaye kwa maoni yangu amewazidi wote. Je, si huyo Izutsu aliyeitafsiri Qur'ani kwa Kijapani? Tulimsoma chuoni, kwa Kiingereza, bila mtu kutueleza alikuwa nani.

Mleta mada

Ahsante kwa kumleta, na nakuunga mkono. Nilimwacha makusudi nione kama kuna atakayemtaja.

Izutsu Toshihiko (井筒俊彦) alizaliwa Tokyo mwaka 1914 na kufariki mwaka 1993 mjini Kamakura. Toshi yake ni ile ya kuwapita wenzake kwa kipaji, na nadhani hakuna mzazi aliyepatia kuliko wake. Baba alikuwa mfanyabiashara aliyeshika sana tafakuri ya Kizen, ile ya Kibudha, naye alimlazimisha mtoto kuifanya tangu mdogo. Aliingia Chuo Kikuu cha Keio kusomea uchumi, akauacha, akahamia fasihi ya Kiingereza ili asome kwa mshairi Nishiwaki Junzaburo. Kisha akaanza kujifunza lugha kama watu wengine wanavyokusanya stempu: Kiebrania, Kiarabu, Kigiriki, Kirusi, Kiajemi, Kisanskriti na nyinginezo.

Kiarabu alikipata kwa njia ambayo wanafunzi wa madrasa za kwetu wataielewa mara moja. Tokyo ya miaka ya thelathini ilikuwa na Watatari Waislamu waliokimbia Urusi, na msikiti wao ulifunguliwa mwaka 1938. Izutsu alisoma kwanza kwa mzee Abdurreshid Ibrahim, imamu wa msikiti huo, na baadaye kwa Musa Jarullah Bigiev, mwanazuoni aliyekuwa amehifadhi kichwani si Qur'ani tu bali na vitabu vingi vya sarufi na vya elimu ya dini. Izutsu mwenyewe alisimulia baadaye kwamba siku moja Musa alifika nyumbani kwake, akaona rafu zilizojaa vitabu, akamuuliza akihama anafanyaje. Alipojibiwa kwamba atavifungasha abebe, yule mzee alimcheka kwa kumfananisha na konokono anayetembea na nyumba mgongoni, akamwambia kwamba mwanachuoni wa kweli popote alipo anafanya kazi na kilichomo kichwani. Masheikh wetu wa zamani wa Lamu na Unguja wangekubaliana naye bila mjadala.

Tafsiri yake ya Qur'ani ilitoka Tokyo kati ya 1957 na 1958, nayo ndiyo ya kwanza kamili kwa Kijapani iliyofanywa moja kwa moja kutoka Kiarabu. Zilizotangulia zilikuwa zimepitia lugha nyingine. Aliiandika kwa Kijapani cha kuzungumza, si kile kizito cha maandiko ya kale, kwa sababu alitaka msomaji asikie kwamba haya ni maneno yaliyosemwa kwa sauti mbele ya watu. Hapo wapo wanaomlaumu mpaka leo kwamba alishusha mno heshima ya lugha, na wapo wanaosema ndiyo sababu ilisomeka. Mimi sijui Kijapani cha kutosha kuhukumu, ila nina uhakika kwamba tafsiri isiyosomwa haina faida kubwa kwa mtu.

Vitabu vyake vya Kiingereza, hivyo mlivyosomeshwa, vinachambua maneno makuu ya Qur'ani kama mtandao, neno moja likiangaliwa kwa majirani zake. Anaonyesha, kwa mfano, jinsi kufru ilivyokuwa kwanza kutoshukuru neema, kinyume cha shukrani, kabla ya kusimama kama kinyume cha imani. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapo, maana kufuru, shukrani na imani tunayo yote matatu mdomoni kila siku na anaweza kufuata hoja bila kamusi. Baadaye Izutsu alifundisha Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, akahamia Tehran mwaka 1975 katika taasisi ya falsafa iliyokuwa chini ya ulinzi wa kifalme, na mapinduzi ya 1979 yakamrudisha Japani akiwa na miaka 64. Tangu hapo aliandika zaidi kwa Kijapani, jambo lililowanyima wasomaji wa nje sehemu kubwa ya fikra zake za uzeeni.

Mchangiaji wa tatu

Kuna mmoja wa siasa mmemsahau, Sakai Toshihiko (堺利彦), mzaliwa wa eneo ambalo sasa ni mkoa wa Fukuoka, aliyefariki mwaka 1933. Alikuwa mwandishi wa gazeti kubwa la Tokyo, na mwaka 1903 gazeti hilo lilipogeuka kuunga mkono vita dhidi ya Urusi, yeye na Kotoku Shusui walijiuzulu wakaanzisha gazeti lao la kila wiki, Heimin Shimbun, la kupinga vita. Novemba 1904 wakachapisha humo tafsiri ya kwanza ya Kijapani ya Ilani ya Kikomunisti, na toleo hilo likapigwa marufuku.

Cha ajabu ni kwamba jela ndiyo iliyomwokoa. Mwaka 1908 alifungwa kwa sababu ya maandamano ya bendera nyekundu, na alikuwa bado gerezani mwaka 1910 wakati serikali ilipowakamata wenzake kwa tuhuma za kutaka kumuua mfalme. Kumi na wawili walinyongwa Januari 1911, Kotoku akiwemo. Sakai alipotoka aliwakuta marafiki wamekamatwa, magazeti hayathubutu kumwajiri, akafungua ofisi ya kuuza maandishi: ukitaka barua, tangazo au tafsiri, unalipa unaandikiwa. Kwa kazi hiyo aliwalisha wanaharakati wengi waliobaki, na chama cha kikomunisti kilipoundwa kwa siri mwaka 1922, yeye ndiye alikuwa mwenyekiti wake wa kwanza.

Mleta mada

Mkuu, umenifurahisha, na angalieni herufi: Sakai na Seko wameandikwa sawasawa, 利彦, ile ya faida. Mmoja wa wajamaa wa mwanzo wa Japani alipewa na wazazi wake herufi ambayo benki huitumia kuandikia riba. Labda walifikiria ile maana ya makali, na kwa kalamu aliyokuwa nayo hawakukosea.

Mchangiaji wa nne

Kwa sisi vijana Toshihiko ni Seki tu. Ndiye sauti ya mwalimu Iruka katika katuni ya Naruto, tena ndiye sauti ya Muzan katika ile ya Demon Slayer. Ukisikiliza huwezi kuamini ni mtu mmoja.

Mleta mada

Seki anatumia 俊彦, kama Izutsu. Herufi hizo ndizo pia za Tahara, mwimbaji aliyewatia wazimu wasichana wa Japani kuanzia mwaka 1980, na za Fukui, gavana wa Benki Kuu ya Japani kuanzia 2003 hadi 2008, ambaye mwaka 2006 aliiondoa riba kwenye sifuri. Huyo wa benki ndiye angestahili ile herufi ya Sakai!

Mchangiaji wa tano

Swali la mwisho kwangu. Kama sauti moja ina herufi nyingi, je, herufi zile zile haziwezi kusomwa jina lingine? Na ofisi ya usajili inajuaje?

Mleta mada

Zinaweza. Zile za Koga, 稔彦, ndizo alizokuwa nazo mwana wa ukoo wa kifalme Higashikuni, waziri mkuu wa Japani mara tu baada ya kushindwa vita mwaka 1945, lakini yeye husomwa Naruhiko. Hakuna kanuni itakayokwambia, ni lazima umuulize mwenyewe au uwe umemsikia akiitwa.

Kuhusu ofisi, serikali ilianza kwa kubana herufi. Sheria ya mwaka 1948 iliruhusu majina ya watoto yaandikwe kwa herufi 1,850 tu za orodha ya taifa pamoja na zile za silabi, na 彦 haikuwemo. Mtoto aliyezaliwa kipindi hicho angeweza kuitwa Toshihiko kwa sauti, ila si kwa maandishi ya baba na babu yake. Watu walilalamika, na Mei 1951 zikaongezwa herufi 92 kwa ajili ya majina, 彦 ikiwa mojawapo, na 稔 pia. Koga alizaliwa miaka kumi na sita baada ya hapo. Angezaliwa mwaka 1950, herufi zote mbili za jina lake zingekataliwa dirishani.

Usomaji wenyewe haukuwa sehemu ya daftari la ukoo muda wote huo. Daftari lilibeba herufi, na sauti ilibaki midomoni mwa familia. Sheria mpya iliyoanza kutumika tarehe 26 Mei 2025 ndiyo inayotaka kila jina liandikiwe pembeni silabi za namna linavyotamkwa, na wananchi walianza kupelekewa taarifa nyumbani mwaka huo wakague kama sauti iliyowekwa ndiyo yao.